Kidole Kimoja cha Hina

Harusi ya Shilan ilipangwa Jumanne kwa sababu ya mpiga zumari. Mwezi ule wa Mei vyama vilikuwa vimewakodi wapiga zumari na ngoma wote kuanzia mji wa Kalar mpaka milimani, na mzazi mwenye binti wa kuozesha ilimbidi angoje wanasiasa washibe kucheza. Uchaguzi ulikuwa Jumapili. Jumatatu wapigaji wangepumzisha mashavu, na Jumanne wangekuja Tazashar kumtoa bibi harusi. Mpango haukuwa na kasoro, mpaka wino ulipouvuruga.

Daftari la wapigakura halikuwapo. Serikali ya Baghdad ilipowasusia Wakurdi mwaka uliotangulia iliwaondoa watu wake, na watu wake wakaondoka na makaratasi yao. Kwa hiyo kila mpigakura angechovya kidole cha shahada kwenye wino usiofutika, asije akazunguka nyuma ya shule na kurudi na jina jingine. Wino ukaletwa kutoka ng'ambo kwa sifa kedekede. Mtu mmoja asiye na kazi akaujaribu kwa dawa ya kufulia nguo, ukatoka, ukabaki wekundu wa kahawia tu kwenye ngozi. Ikawa kelele. Uchaguzi ukasogezwa siku mbili, wino mkali zaidi ukatafutwa, na hivyo uchaguzi wa bunge la kwanza la Wakurdi, la kuchaguliwa na Wakurdi wenyewe, ukaangukia siku moja na harusi ya Shilan binti Tofiq.

"Basi asubuhi kura, mchana vigelegele," alisema Habsa, jirani wa ukuta kwa ukuta, mwanamke ambaye mdomo wake haukuwahi kwenda likizo. "Nani alikuambia vitu vizuri huja kimoja kimoja? Mabaya yalipokuja, yalikuja kwa foleni?"

Khawar, mama yake bibi harusi, hakulalamika. Siku moja ina saa za kutosha kwa mambo mawili. Harusi ilikuwa ya binti yake wa pekee, na kura ilikuwa ya mumewe.

Tofiq alichukuliwa mwezi wa Aprili, miaka minne nyuma, katika ile Anfali. Ndivyo walivyoliita wale mabwana wa Baghdad zoezi lao la kufuta vijiji, bila kuona haya kuchukua jina la sura ya Kurani. Siku hiyo Khawar alikuwa amempeleka Shilan mjini kung'olewa jino, na neno la mwisho aliloambiwa na mumewe ni kwamba asisahau chumvi. Aliporudi na chumvi yake, kijiji cha Kani Hanar hakikuwapo. Nyumba zilikuwa zimelazwa chini, chemchemi imezibwa kwa saruji, na watu wamepakiwa kwenye malori ya jeshi. Yeye na binti yake wakatupwa Tazashar, mji wa nyumba za matofali ya saruji uliokusanya mabaki ya vijiji ishirini.

Tangu hapo alivaa nguo nyeusi, lakini hakukubali kuitwa mjane. Mjane ana kaburi la kwenda kulia, yeye hana. Alikuwa amegonga milango ya ofisi moja baada ya nyingine, mpaka siku moja afisa mmoja akamjibu bila kuinua uso kwenye chai yake, "Mumeo amekwenda na Anfali. Usirudi hapa." Kufiwa kulivumilika, alikuwa ameona wengine wakivumilia. Hilo la usirudi hapa ndilo lililomkaa rohoni kama mwiba.

Sasa watu walisema kutakuwa na bunge, huku huku kwao, mjini Arbil, la watu waliowekwa kwa kura. Khawar hakujua kusoma, lakini jambo hilo alilielewa kuliko wengi waliosoma. Mtu uliyemweka wewe hawezi kukuambia usirudi. Angemweka mmoja, angemfuata mpaka mlangoni, angekaa pale na kumwuliza Tofiq yuko wapi, hata kama jibu ni mifupa. Kwa swali hilo alihitaji kura yake mwenyewe, iliyopigwa kwa mkono wake.

Jumatatu jioni wanawake walijaa nyumbani kwake kwa ajili ya hina. Trei ilizungushwa na mishumaa yake, nyimbo zikaimbwa, watoto wakafukuzwa na kurudi. Kwa desturi bibi harusi hufumba ngumi mpaka mama mkwe amtilie kitu cha dhahabu kiganjani. Mama mkwe akatoa pete, watu wakapiga vigelegele, Shilan akaendelea kufumba.

"Pete ndogo?" akauliza Habsa.

"Pete nzuri," alisema Shilan. "Ila mimi sipaki mpaka mama apake."

Nyimbo zikakatika. Kila mtu mle ndani alijua kwamba mwanamke ambaye mumewe hajulikani alipo hapaki hina, na kila mtu alijua kwamba Khawar alikuwa ameapa, hatatia rangi mikono yake mpaka Tofiq arudi au arudishwe.

"Shilan, usinifanyie hivyo mbele za watu."

"Ndiyo maana nimengoja watu, mama. Tukiwa wawili sikuwezi."

"Mtoto wa nyoka ni nyoka," alisema Habsa. "Ukaidi huo hakuununua sokoni."

Khawar alimtazama binti yake. Alikuwa na miaka kumi na tisa, na macho ya baba yake yaleyale, yale ya kung'ang'ania kitu mpaka mwenye kukikataa achoke. Akaona kwamba kweli mtoto huyu angetoka nyumbani kwao na mikono mitupu kama msiba.

"Kimoja," alisema. "Kidole kimoja, basi."

"Kidole kimoja!" Habsa akajipiga paja. "Bibi wee, hata kondoo wa Idi hupakwa zaidi ya hapo."

Shilan akafungua ngumi kabla mama yake hajabadili mawazo. Akaudaka mkono wa kuume, akachukua kidole kilichokuja karibu, kile cha shahada, akakipaka hina mpaka kiungo cha kwanza na kukifunga kwa kitambaa. Chumba kilikuwa na wanawake wasiopungua thelathini, ambao wiki nzima hawakuwa na mazungumzo mengine ila wino na vidole. Hakuna hata mmoja aliyeshtuka.

Asubuhi foleni ilikuwa imetoka nje ya uwanja wa shule, imezunguka tangi la maji na kupotelea kwenye ngano. Watu walivaa walivyovaa siku ya Nauruzi, mwaka wao mpya, wanaume wamekaza mishipi, wanawake wanang'aa kwa shanga na dhahabu ya kuazima. Wazee walibebwa kwa viti. Wengi wao walikuwa wamewahi kupiga kura zamani, ile kura ya ndiyo ambayo afisa alikuwekea alama mwenyewe kukupunguzia taabu. Hii ya kusimama juani kwa saa tatu waliiona tamu. Khawar alisimama na nguo yake nyeusi, nyuma yake Shilan katika gauni jekundu la harusi, maana gari la bwana harusi lingefika adhuhuri na bibi harusi alikuwa ameapa hatapanda kabla ya kupiga kura.

Habsa alikuwa mbele yao. Mikono yake ilikuwa imekolea hina mpaka vifundoni. Msimamizi wa kituo, Mwalimu Bestun, aliyeletwa kutoka Kalar makusudi ili asiwe na ndugu kwenye foleni, aliitazama akacheka.

"Harusi ya nani?"

"Wewe chovya, mwanangu, utaalikwa."

Akachovya juu ya hina yake, akapita.

Zamu ya Khawar ikafika. Akaweka kitambulisho mezani, akanyoosha mkono. Mwalimu Bestun akakishika kidole kwa adabu, akakigeuza, akakigeuza tena, na uso wake ukabadilika.

"Shangazi, umekwisha kupiga kura."

"Wapi? Ndiyo kwanza nafika."

"Kidole kinasema umepiga."

"Hiyo ni hina, mwalimu."

"Jana tuliitwa, tukaonyeshwa kidole cha mtu aliyesugua wino kwa dawa. Kinabaki na rangi hii hii, mpaka hapa hapa kwenye kiungo. Huu mpya wanasema hautoki, lakini na ule wa kwanza walisema hivyo." Akawageukia mawakala wa vyama, mmoja wa chama cha manjano na mmoja wa chama cha kijani. "Tazameni wenyewe."

Wale wawili walikuwa wamebishana tangu alfajiri, hata kuhusu birika la chai likae upande wa nani. Wakainama juu ya kidole cha Khawar pamoja.

"Hina kidole kimoja?" alisema wa manjano. "Kwani hina ni chanjo?"

"Amepiga kituo kingine, amekuja kuwaongezea ninyi," alisema wa kijani.

"Kutuongezea sisi? Mtazame vizuri, huyu ni wa kwenu."

"Awe wa nani, asipige."

"Hapo umesema. Asipige."

Hayo yakawa makubaliano yao ya kwanza siku ile. Kama Khawar angepaka mikono yote miwili mpaka vifundoni kama Habsa, angekuwa ameshapita. Aliponzwa na kuweka ahadi yake vizuri mno.

Mwalimu Bestun hakuwa mtu mbaya. Aliukalia uchaguzi ule kama mtu anayelinda yai, na aliogopa kesho isije ikasemwa kwamba Wakurdi hawawezi. Akamrudishia kitambulisho kwa mikono miwili. "Nenda nyumbani, shangazi, tafadhali. Watu wanangoja."

Khawar alisikia ile sauti nyingine, ya mtu aliyekuwa akinywa chai. Hasira zikampanda, kisha woga, woga mkubwa kwamba kumbe mlango ni uleule, wamebadili tu mlinzi. Akaushika ukingo wa meza.

"Siondoki."

"Shangazi..."

"Siondoki, mwalimu. Mmeuliza kwa nini kimoja, sasa mnisikilize. Mume wangu ni Tofiq wa Kani Hanar. Alichukuliwa na Anfali. Niliapa sitatia rangi mikono hii mpaka arudi au arudishwe. Binti yangu anaolewa leo. Jana akagoma kupaka kama mimi sipaki. Ningefanya nini? Nikampa kidole kimoja. Ningempa viwili, msingeuliza. Ningempa kumi, mngecheka na kuniuliza harusi ya nani."

Shilan alipita mbele na gauni lake likikwaruza sakafu, akaweka mikono yake juu ya meza, imekolea hina yote.

"Ni mimi niliyempaka. Trei ni moja, angalieni rangi. Nilichukua kidole bila kufikiri."

"Nakuamini," alisema Mwalimu Bestun, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Wallahi nakuamini. Lakini nikiulizwa kama hina hii haikufunika wino, nitajibu nini? Sheria inasema kidole cha shahada, mkono wa kulia."

"Sheria imeandikwa na wanaume!" Habsa alikuwa amekwisha kupiga kura na sasa kichwa chake kilikuwa dirishani. "Wangemwuliza mwanamke mmoja, angewaambia Mei ni mwezi wa harusi!"

Foleni ikacheka, na kicheko kikalegeza mambo. Wakala wa kijani alikuwa bado anakitazama kidole.

"Kani Hanar," alisema. "Kulikuwa na fundi wa mawe ya kusagia kule. Alimtengenezea baba yangu jiwe."

"Ndiye huyo," alisema Khawar.

Yule mtu akajifuta uso kwa ncha ya kilemba chake. "Mwalimu, achovye kidole kingine. Vingine ni visafi, kila mtu anaona. Andika maelezo, nitatia saini."

"Na mimi natia," alisema wa manjano, asiachwe nyuma.

Watu wakashusha pumzi. Mtu nyuma akapiga makofi. Mwalimu Bestun akaifungua chupa ya wino na kuisogeza upande wa Khawar, akitabasamu, maana aliona limekwisha.

Halikuwa limekwisha. Khawar aliitazama mikono yake juu ya meza. Kwa miaka minne alikuwa ameiosha na kuikausha na kuiona mitupu kila siku, na utupu ule ulikuwa ndiyo njia yake ya kumwambia Tofiq kwamba bado anamngoja. Kidole kimoja alikwisha kutoa jana kwa ajili ya mwanawe, na usiku hakulala vizuri. Sasa walimtaka atoe cha pili. Ukianza kutoa kimoja kimoja, siku moja utakuta umemaliza vyote, na hapo utakuwa mjane bila mtu kukuambia.

"Weka basi, mama Shilan!" Habsa alisema kutoka dirishani. "Foleni imefika Baghdad!"

Shilan peke yake ndiye aliyeelewa. Akasogea karibu na kusema polepole, "Mama, acha. Usivunje. Mimi nitapiga kwa ajili ya baba."

Lilikuwa neno jema, na lilimjaribu Khawar kweli. Angeweza kutoka pale na vidole tisa vyake na kiapo chake, akaketi nyumbani kungoja kama alivyozoea. Ngoja ngoja alikuwa ameijua, hata maumivu yake alikuwa ameyazoea.

"Hapana," alisema. "Yako ni yako, mwanangu. Wewe mpigie mtu atakayekuletea umeme na barabara na shule ya watoto wako. Swali hili ni langu. Nikimtuma mtu mwingine kumwulizia mume wangu, ataulizwa, wewe ni nani? Hina ni ya furaha, na niliapa kuiacha furaha. Wino huu si wa furaha. Huu ni wa kumtafutia."

Akauondoa mkono wa kuume mezani na kuweka wa kushoto. Akakunja vidole vyote ila kile cha pete.

Mwalimu Bestun akasita. "Hicho?"

"Hicho ndicho kinachomjua."

Wino ulikuwa baridi. Kidole kilizama mpaka ukapanda na kugusa ukingo wa pete, na Mwalimu Bestun, aliyekuwa amechovya mamia ya vidole tangu asubuhi bila kusema neno, akasema, "Mungu amrudishe." Khawar akapewa karatasi, akapita nyuma ya blanketi lililotundikwa kwenye kamba. Alikaa huko muda mrefu kuliko kawaida. Alimpigia nani hakumwambia mtu, hata Habsa, ambaye aliuliza mara saba.

Adhuhuri mpiga zumari alifika, midomo imevimba kwa kazi ya vyama, akapiga hivyo hivyo. Wali ulipakuliwa na mchuzi wa aprikoti, mtindi ukamwagwa kwenye mabakuli, mstari wa ngoma ukajifunga mpaka barabarani, bega kwa bega, na kila mkono ulioinuka ulikuwa na kidole chenye wino. Mawakala wa manjano na kijani walikuja kula kituo kilipofungwa. Waliketi pembe mbili za ua, lakini walikula.

Wakati huo Shilan alikuwa amekwisha kuondoka. Gari lilipopiga honi mara ya tatu aliinama kuubusu mkono wa mama yake kama inavyotakiwa, wa kulia kwanza, kisha akaudaka wa kushoto pia. Akaishika yote miwili kwa pamoja mbele ya macho yake.

"Viwili, mama."

"Kimoja chako, kimoja cha baba yako."

Shilan akalia, na Habsa akamkemea kwamba wanja umegharimu kazi ya saa nzima. Bibi harusi akasukumiwa garini akiwa bado anageuza shingo.

"Na hivyo vingine?" aliuliza kupitia dirishani.

"Vinangoja," alisema Khawar.

Wageni walipokwisha kutawanyika, masufuria yalikuwa yamejaa uani na jua lilikuwa bado juu ya ngano. Habsa alileta maji na sabuni, na wanawake wawili wale wakachuchumaa kufanya kazi. Wino ulikuwa wa kudumu wiki kadhaa, kila mtu alikuwa ameambiwa hivyo, huu mpya hautoki hata kwa dawa. Khawar alisugua masufuria yote kwa mkono mmoja wa kulia, ule wa kushoto ameuinua pembeni, usije ukaguswa na sabuni.